Akaunti Ikifungwa, Faili Zako Ziko Wapi?

Mwanzoni mwa Mei 2024 wanachama zaidi ya 600,000 wa UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia, walijikuta hawawezi kufungua akaunti zao kuangalia akiba. Fedha zilikuwa salama. Kilichofutika ni mfumo wa kompyuta ambao mfuko huo ulikuwa umeukodi kutoka Google Cloud. Wakati wa kuuandaa, sehemu moja ya kujaza iliachwa wazi, programu ikajipangia yenyewe ukomo wa mwaka mmoja, na mwaka ulipotimia ikaufuta mfumo bila kumwarifu mteja. UniSuper walikuwa wamejihami kwa kuweka mifumo yao katika maeneo mawili, ili upande mmoja ukianguka mwingine uendelee na kazi. Pande zote mbili zilifutika kwa pamoja, kwa kuwa zote zilikuwa chini ya usajili mmoja. Waliokolewa na nakala walizokuwa wameziweka kwa mtoa huduma mwingine, na hata hivyo ilipita takriban wiki moja kabla wanachama hawajaanza kuona hesabu zao tena.

Jambo la kuangalia hapo ni nani aliyejitokeza kueleza. Mkuu wa Google Cloud mwenyewe, Thomas Kurian, alitoa taarifa ya pamoja na mkuu wa mfuko huo, akakiri kosa na kueleza lilivyotokea. Mwalimu wa Morogoro ambaye akaunti yake imefungwa hapati hilo. Anapata barua pepe isiyo na jina la mtu, inayomwambia kwamba uamuzi umeshafikiwa.

Wengi wanaoniletea malalamiko ya faili kupotea huniambia kwamba seva imeharibika. Ni nadra sana kuwa hivyo. Ukipandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, au klaudi kama tulivyozoea kuiita, kampuni kubwa haiiweki kwenye diski moja. Huikata vipande, huongeza vipande vya ziada vinavyopigiwa hesabu kutokana na vile vya kwanza, kisha huvitawanya kwenye diski nyingi, mara nyingi katika majengo tofauti. Diski mbili tatu zikifa, vipande vilivyobaki vinatosha kuijenga upya picha nzima. Katika vituo vikubwa diski hufa kila siku na mteja hajui chochote.

Majanga makubwa yapo, lakini nayo yana sababu inayojirudia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva za kampuni ya OVH liliteketea mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja walikosa kila kitu kwa kuwa nakala zao za akiba zilikuwa palepale penye moto. Septemba 2025 kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini kiliungua mjini Daejeon, na hifadhi ya watumishi wa umma iliyoitwa G-Drive ikapotea, terabaiti 858, kwa kuwa haikuwa na nakala nje ya kituo hicho. Nchi iliyo mbele kiteknolojia kiasi hicho! Watumishi walikuwa wameelekezwa kuweka kazi zao humo.

Kwa mtumiaji wa kawaida, hata hivyo, moto si adui wa kwanza. Adui wa kwanza ni kutoelewa huduma yenyewe inafanya nini, na hapa nazilaumu kampuni kuliko wateja, maana matangazo yao ndiyo yanayochanganya mambo mawili tofauti.

Karani wa shule moja ya sekondari niliyokuwa nikiihudumia alikuwa na folda ya matokeo ya miaka mingi kwenye laptopu ya ofisi. Laptopu ikaanza kumwambia nafasi imejaa. Akaifuta ile folda ili apate nafasi, akiamini ipo klaudi. Mwalimu wa taaluma alipokuja kuihitaji, haikuwepo kwenye laptopu, haikuwepo kwenye simu ya mkuu wa shule, wala kwenye tovuti. "Fundi," aliniuliza yule dada, "si niliona tiki ya kijani kwenye kila faili?"

Tiki aliiona kweli. Ila tiki ya kijani ina maana moja tu: kilichopo hapa na kilichopo kule kwa sasa vinafanana. Huduma nyingi tunazozitumia ni za kusawazisha. Ukiongeza faili hapa, inaongezeka kule. Ukiifuta hapa, inafutika kule, na kwenye kila kifaa kilichounganishwa, kwa uaminifu uleule. Kirusi kikizifunga faili zako kwa nywila kidai fedha, nazo zitapandishwa zikiwa zimefungwa. Kinga iliyopo kwa faili iliyofutwa ni kapu la taka, ambalo kwa Google Drive na kwa akaunti binafsi za OneDrive hukaa siku 30, kisha linajimwaga lenyewe. Shule ile iligundua likizo ilipokwisha. Nakala rudufu ni kitu kingine kabisa: ni nakala isiyofuata unachokifanya kwenye faili asili, na inayotunza hali za zamani ili uweze kurudi nyuma.

Lipo tatizo jingine ambalo mtumiaji hawezi kuliona hata akiwa makini. Programu nyingi za klaudi siku hizi huacha jina la faili tu kwenye kompyuta, na faili yenyewe hushushwa unapoigusa. Unaiona kwenye folda, ina alama yake na tarehe yake, kumbe haipo. Programu ya kompyuta ikikosea, unaweza kubaki bila faili pande zote mbili. Novemba 2023 watumiaji wa programu ya Google Drive ya kompyuta walianza kulalamika kwamba kazi zao za miezi kadhaa zimetoweka, wengine wakirudishwa kwenye hali ya Mei mwaka huo. Google ilisema walioathirika ni wachache, ikawataka wasiondoe akaunti kwenye programu na wasiguse folda yake ya ndani, na mwezi uliofuata ikatoa toleo jipya lenye zana ya kuzirudisha. Ushauri ule wa kutogusa ulikuwa sahihi. Ulikuja wakati baadhi ya watu walikuwa wameshafuta na kuanza upya, kama ambavyo mtu yeyote aliyetaharuki angefanya.

Lakini linaloumiza kuliko yote ni kufungiwa akaunti. Faili zipo, nzima, na wewe huna ruhusa ya kuzifikia. Agosti 2022 gazeti la New York Times lilieleza kisa cha baba mmoja wa San Francisco aliyepiga picha za mwanawe mdogo aliyekuwa anaumwa, ili daktari azione. Simu ikazipandisha yenyewe, programu ya Google ikazitambua kama picha za unyanyasaji wa watoto, akaunti ikafungwa. Polisi walichunguza wakaona hakuna kosa. Google haikuirudisha akaunti. Alipoteza barua pepe, picha za familia na namba yake ya simu, maana hata laini yake ilikuwa ya Google, na bila laini hiyo hakuweza kupokea namba za siri za kufungulia akaunti zake nyingine. Kuwasaka wanaodhulumu watoto ni kazi ya lazima na sina neno dhidi yake. Neno langu ni kwamba mtu aliyethibitishwa na polisi kuwa hana hatia alikosa mlango wa kubisha.

Kwetu kufungiwa huku huja zaidi kwa njia ya laini. Laini isipotumika kwa muda mrefu, kampuni ya simu humpa mtu mwingine namba hiyo. Akaunti yako ya picha uliyoifungua miaka minane iliyopita bado inaijua namba ile, na siku utakayobadilisha simu, namba ya siri itatumwa kwa mtu usiyemfahamu. Kuna na ukomo wa ukimya: tangu Desemba 2023 Google hufuta akaunti binafsi ambazo hazijafunguliwa kwa miaka 2. Akaunti ya marehemu mzazi, yenye picha zake zote, inaingia humo.

Mpiga picha mmoja wa harusi hapa Dar es Salaam alinionyesha mawasiliano yake na kampuni iliyomfungia. Ujumbe wa kwanza ulisema amekiuka masharti, bila kutaja sharti gani. Chini yake palikuwa na kiungo cha kukata rufaa, na kiungo kilimtaka aingie kwanza kwenye akaunti ileile iliyofungwa. Akapata fomu nyingine, akajaza. Jibu likarudi haraka mno kwa mtu kuwa amelisoma ombi lake. Alipojibu barua ile, akaambiwa anwani hiyo haipokei barua. Humo ndani kulikuwa na picha za maharusi waliokwisha kumlipa.

Nieleze kwa nini iko hivyo, maana hasira bila kuelewa haisaidii. Mteja wa bure haingizi kitu, na wa kifurushi kidogo analipa fedha ambayo saa moja ya mazungumzo na mfanyakazi inaweza kuimaliza yote ya mwaka. Kwa hiyo kampuni huweka kurasa za maelezo, roboti wa kujibu, na majukwaa ambako watu wa kujitolea hukujibu kwa moyo mwema ingawa hawana uwezo wa kugusa akaunti yako. Sababu ya pili ni ya usalama. Wezi wa akaunti hupiga simu huduma kwa wateja wakijifanya wenye mali, wakilia, wakidai mgonjwa yupo hospitali. Ndiyo maana hata ukimpata mtu, mara nyingi amenyimwa makusudi uwezo wa kufungua chochote. Sababu hiyo naiheshimu. Ile ya kwanza siikubali, kwa sababu kampuni hizihizi hutushawishi tuhamishie maisha yetu yote kwao. Soma masharti ya Dropbox, kwa mfano: kiwango cha juu cha fidia ni dola 20 au ulicholipa kwenye kifurushi chako cha sasa, kile kilicho kikubwa zaidi.

Kuna na kubadilishiwa maneno katikati ya safari. Novemba 2015 Microsoft iliondoa nafasi isiyo na kikomo iliyokuwa imewaahidi wateja wa OneDrive na kutangaza kupunguza ya bure kutoka gigabaiti 15 hadi 5. Google Photos iliacha kupokea picha bila kikomo tarehe 1 Juni 2021. Amazon ilifunga huduma yake ya Amazon Drive mwisho wa 2023, ingawa yenyewe iliwapa watu muda wa kutosha. Kampuni ya klaudi ya Nirvanix ya Marekani, ilipokuwa ikifungwa Septemba 2013, iliwapa wateja takriban wiki mbili kuhamisha mali zao.

Wiki mbili kwa Mtanzania ni muda gani? Gigabaiti 200 kwa kasi halisi ya megabiti 10 kwa sekunde ni saa 44 mfululizo, bila kukatika umeme na bila bando kuisha. Na kasi hiyo haina uhakika: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania, Kenya na jirani zao wakakaa na intaneti ya kusuasua. Kupandisha faili kidogokidogo kwa miaka hatukuhisi gharama. Kuzishusha zote kwa mkupuo ndiko kunakotutoa jasho.

Sheria imeanza kutupa pa kushika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake. Zote mbili zinakupa haki ya kuomba taarifa zako na ya kupinga uamuzi unaokuathiri sana uliofanywa na mashine peke yake. Malalamiko yakiandikwa kwa kutaja haki hiyo, na nakala ikapelekwa Tume, yana uzito kuliko fomu ya kampuni. Ningependa mamlaka zetu zidai wazi kwamba kila akaunti inayofungwa ipate binadamu wa kuisikiliza rufaa, kwa muda uliotajwa.

Wakati tukisubiri hayo, utaratibu wa mpiga picha wa Marekani Peter Krogh bado unafaa: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyingine. Klaudi iwe mojawapo, isiwe zote. Nyingine iwe diski ya nje unayoichomeka mara moja kwa wiki na kuichomoa, kwa sababu inayobaki imechomekwa huathirika pamoja na kompyuta. Ukiinunua, jihadhari na flashi na diski za bei ya kutupwa zinazojitangaza kuwa na terabaiti moja huku ndani zina gigabaiti 32. Hupokea faili zako zote bila kulalamika, kisha nyingi hazifunguki. Ijaze diski mpya hadi mwisho na uzifungue faili za mwisho kabla ya kuiamini. Kwenye akaunti, hakiki namba ya simu leo, ongeza barua pepe ya pili, na uchapishe zile namba za dharura za kurejesha akaunti uzitunze pamoja na vyeti. Google ina Takeout ya kushusha kila kitu; ifanye usiku, kwa awamu.

Kisha jaribu kurudisha. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data kwenye seva isiyo yenyewe. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za nakala rudufu, na usiku ule ndipo ilipogundua kwamba moja ilikuwa imeshindwa kufanya kazi kimyakimya na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa. Iliyowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita kabla. Kwa hiyo chagua faili chache kwenye nakala yako, ikiwemo video moja ndefu na folda moja ya zamani, zihamishie kwenye kompyuta ya mtu mwingine ambayo haijaunganishwa na akaunti yako, na uzifungue moja moja.