Damu imekoma, lakini usiruke siku ya mionzi

Mwanamke wa Bujora anayetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi katika Hospitali ya Bugando husafiri takribani kilomita 20 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Baada ya wiki chache damu hukoma na maumivu hupungua. Hapo wengi hujiuliza: kwa nini niendelee kutoa nauli?

Jibu limo ndani ya seli. Vinasaba vyetu vimefungwa katika nyuzi ziitwazo kromosomu. Ncha za nyuzi hizo ni telomea, na kazi yake ni kuzuia uzi usiharibike, kama mvuvi anavyochoma ncha ya kamba ya nailoni isifumuke. Seli ya kawaida ikigawanyika, telomea hufupika. Zikiwa fupi mno, seli huacha kugawanyika au hufa.

Seli ya saratani hukwepa uzee huo. Katika asilimia 85 hadi 90 ya saratani, kimeng'enya kiitwacho telomerasi hurefusha ncha hizo upya. Katika saratani ya mlango wa kizazi, virusi vya HPV ndivyo vinavyochochea kimeng'enya hicho.

Maana yake ni kwamba uvimbe ukisinyaa, seli zilizobaki hazijachoka. Bado zinaweza kugawanyika bila kikomo. Mionzi hukata vinasaba vyake, na nyingi hufa zinapojaribu kugawanyika. Kwa kawaida dozi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi, kisha hufuata mionzi ya ndani. Muda kati ya dozi huzipa seli nzima nafasi ya kujirekebisha. Ukiruka siku, seli za saratani nazo hupata nafasi ya kuongezeka. Ndiyo maana madaktari hutaka tiba yote ikamilike ndani ya wiki nane.

Ukikosa nauli, ukiharisha au ngozi ikiungua, usibaki nyumbani kimya. Mwambie daktari au muuguzi mapema, na umwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Hakuna kidonge wala mitishamba inayochukua nafasi ya dozi uliyoruka.

Kwa wazazi, kinga ipo. Mwaka 2024, nchi ilianza kutoa dozi moja ya chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Binti akichanjwa kabla ya kukutana na virusi hivyo, huenda asiijue kabisa safari hii ya mionzi.