Yustino na wana wa Zeu

Kila Krismasi inapokaribia hurudi madai kwamba habari za Yesu zilichotwa kwenye visasili vya Wagiriki na Warumi, na husemwa kana kwamba ni siri iliyofukuliwa juzi. Ulinganisho huo ni wa kale, na miongoni mwa waliotangulia kuuandika ni Mkristo aliyeuawa kwa imani yake, Yustino Shahidi. Mzaliwa huyu wa Flavia Neapolis, Nablus ya leo, alifundisha Roma akiwa na joho la wanafalsafa mabegani, na katika miaka ya 150 alimwandikia Kaisari Antoninus Pius kuwatetea Wakristo. Tukisema Yesu alikufa, akafufuka na kupaa, anamweleza, hatuleti jambo geni kwenu mnaowasimulia wana wa Zeu. Asclepius alikuwa tabibu, akapigwa radi, akapaa. Heracles alijitosa motoni. Perseus alizaliwa na bikira. Hata kaisari akifa na kuchomwa, hakosekani mtu wa kuapa kwamba amemwona akipanda mbinguni kutoka kwenye moto ule.

Atasema mtu kwamba Yustino alijipendekeza ili ndugu zake wasiuawe. Mbona basi waraka uleule unaiita miungu ya Roma mashetani, waliosikia unabii wa Kiyahudi wakawahi kutunga hadithi za kuiga? Anayebembeleza hatukani hivyo. Maelezo yake ya mashetani hayanishawishi, ila yanaonyesha kwamba kufanana huko kulimsumbua kweli. Wafuasi wa mungu Mithras, walioweka mkate na kikombe cha maji katika ibada ya kumwingiza mfuasi mpya, anasema waliagizwa na mashetani kuiga meza ya Bwana. Lakini kula pamoja mbele ya mungu kulikuwa desturi ya dini nyingi za wakati ule, na kufanana peke yake hakumtaji mwizi.

Jambo moja tu, anasema, mashetani hawakuliiga: msalaba. Kisha anauonyesha kila mahali: kwenye mlingoti wenye tanga, kwenye plau, kwenye bendera za majeshi ya Kaisari, kwenye mwili wa mtu aliyesimama na kunyoosha mikono. Hapa hoja yake ina uzito mkubwa. Wakristo walitumia lugha ya visasili kwa sababu ndiyo waliyoielewa wasikilizaji wao. Lakini aliyetaka kubuni mungu wa kuwapendeza Warumi asingemtundika kwenye adhabu ya watumwa, tena kwa amri ya liwali wa Kirumi anayetajwa kwa jina. Kuna swali ambalo hoja hii hailigusi. Wafuasi wa Mithras hawakutuachia kitabu cha kujibu, na habari za mkate wao tunazipata kwa kinywa cha mpinzani. Wao wenyewe waliuelewaje?