Rukwa: Bonde Lililokosa Mafuta Likapata Heli

Mwaka 1987 kampuni ya Kimarekani ya Amoco ilichoronga visima viwili vya kutafuta mafuta katika Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Kimoja kiliitwa Galula, kingine Ivuna. Kile cha Ivuna kilishuka zaidi ya kilometa 2 chini ya ardhi. Mafuta ya kuchimba hayakupatikana, mitambo ikafungwa, watu wakaondoka. Kwa lugha ya wanajiolojia, visima vya namna hiyo huitwa vikavu.

Sasa, huko huko Ivuna kuna chemchemi za maji ya moto yenye chumvi. Kwa mamia ya miaka wakazi wa eneo hilo walichemsha maji hayo ili wapate chumvi, na wanaakiolojia wamechimba mabaki ya kazi hiyo. Ukisogea karibu utaona maji yanatoa mapovu. Wanajiolojia walishapima gesi ya mapovu hayo tangu miaka ya 1960 na kukuta nyingi ni nitrojeni. Ndani yake kulikuwa na heli, kwa kiwango kinachofikia asilimia 10 hivi. Ili uone ukubwa wa namba hiyo: katika hewa tunayovuta, heli ni sehemu 5 tu kati ya milioni. Kwenye visima vya gesi asilia, asilimia 0.3 tayari inatosha kumfanya mwekezaji avute kiti akae.

Kwa hiyo bonde lililoandikwa "kavu" halikuwa tupu. Liliulizwa kuhusu mafuta, likajibu kuhusu mafuta. Katika makala hii tuone kwa nini jibu la mafuta lilikuwa hapana, kwa nini la heli linaweza kuwa ndiyo, na kwa nini hata hiyo ndiyo inahitaji kusomwa taratibu.

Bonde lenyewe likoje?

Rukwa ni sehemu ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, katikati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Ardhi ilipovutwa huku na huku, kipande cha kati kilizama kati ya nyufa kubwa, na mito ikaanza kukijaza mchanga na tope. Kazi hiyo imefanyika kwa awamu. Chini kabisa kuna mashapo ya Karoo, ya enzi ile ile iliyotupa makaa ya mawe ya Kiwira na Namwele. Juu yake kuna mchanga mwekundu wa enzi za dinosaria na wa baadaye kidogo, halafu mashapo ya ziwa la sasa. Kwenye kina kikubwa zaidi, mrundikano huo unakadiriwa kufika kilometa 11. Kilimanjaro ungeuzamisha humo na nafasi ingebaki.

Chini ya mashapo yote hayo ipo miamba ya msingi: miamba migumu, mingine ikiwa na umri wa takriban miaka bilioni 2. Kumbuka umri huo, tutaurudia.

Mapishi ya mafuta

Mafuta yanapikwa, na mapishi yake yana masharti. Kwanza unahitaji mwamba chanzo, yaani tope lililojaa mabaki ya mimea na vijidudu. Pili, tope hilo lizikwe mpaka lipate joto la kutosha, kwa kawaida kati ya nyuzi 60 na 120 hivi. Likizidi sana unapata gesi, likipungua hupati kitu. Tatu, mwamba hifadhi wenye vitundu vya kubeba mafuta, kama mchanga. Nne, mwamba kifuniko usiopitisha. Tano, umbo la mtego, ili mafuta yanayopanda yakutane na ukuta yakae. Na vyote viwepo kwa wakati. Mtego ukijengwa baada ya mafuta kupita, ni sawa na kufunga mlango ng'ombe wakiwa wameshatoka.

Mapishi haya yamefanikiwa kwingine ndani ya Bonde la Ufa. Uganda ilithibitisha mafuta upande wa Ziwa Albert mwaka 2006, Kenya ikapata yake Lokichar, Turkana, mwaka 2012. Kwa hiyo wazo la Amoco halikuwa la kijinga hata kidogo.

Shida kubwa ya mabonde kama Rukwa huwa kwenye sharti la kwanza. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na maji yake ya chini hayana oksijeni, kwa hiyo mabaki yanayozama kule hayaozi ovyo. Ziwa Rukwa la leo lina kina cha mita chache tu, na historia yake ni ya kupanuka na kusinyaa. Katika maji ya namna hiyo oksijeni hufika mpaka chini, na mabaki huoza kabla hayajafukiwa. Huwezi kupika pilau kama mchele umeliwa na panya ghalani.

Heli haihitaji mabaki ya viumbe

Hapa ndipo habari inabadilika. Wale mliosoma fizikia mnakumbuka mionzi ya alfa. Ile chembe ya alfa si kitu kingine, ni kiini cha atomu ya heli. Atomu moja ya urani-238, katika safari yake ndefu ya kugeuka kuwa risasi, hutoa chembe 8 za namna hiyo. Thori nayo hutoa 6. Kila chembe ikitulia na kunyakua elektroni mbili, umepata atomu ya heli.

Tatizo ni mwendo. Tupige hesabu: kilo moja ya urani huchukua takriban miaka milioni 8 kutoa lita moja ya heli. Na graniti ya kawaida ina gramu 3 au 4 tu za urani kwa tani, maana yake kilo hiyo moja imetawanyika ndani ya karibu tani 300 za mwamba. Ndiyo maana umri una thamani. Mwamba wa miaka bilioni 2 umekuwa ukikusanya akiba hiyo chembe kwa chembe tangu kabla hakujawa na mnyama yeyote duniani.

Lakini akiba hiyo imefungiwa ndani ya madini. Mwamba ukiwa baridi, sehemu kubwa ya heli hubaki humo humo. Inahitaji joto la kuifungua, na joto limeletwa na Bonde la Ufa lenyewe, pamoja na volkano za eneo la Rungwe upande wa kusini. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walieleza jambo hili hadharani. Walitumia sampuli za gesi za chemchemi za eneo hili, na aliyewasilisha matokeo mkutanoni Japani alikuwa Diveena Danabalan wa Durham. Hoja yao ina mizani: ukiwa mbali mno na volkano, joto halitoshi kuifungua heli, ukiwa karibu mno, kaboni dioksaidi ya volkano inamwagika na kuizimua. Unatafuta mahali pa katikati.

(Kwa wanaopenda maabara: sampuli za namna hii hukusanywa kwenye mirija ya shaba inayobanwa ncha zote mbili. Chupa ya kioo haifai sana, kwa sababu heli hupenya kioo polepole.)

Baada ya kufunguliwa, heli inahitaji usafiri. Yenyewe ni chache mno kutengeneza mapovu, hivyo huyeyuka tu kwenye maji ya chini kabisa. Nitrojeni ndiyo daladala yake. Nitrojeni ikijaa kwenye maji mpaka maji yasiweze kuibeba zaidi, mapovu hutokea, na heli hudandia. Kama ilivyo stendi, gari haliondoki mpaka lijae. Mapovu ya Ivuna ni abiria walioshushwa kituo cha mwisho.

Sharti la mtego na kifuniko, hata hivyo, linabaki pale pale, tena ni gumu zaidi. Atomu ya heli ni ndogo kiasi kwamba puto la sherehe husinyaa baada ya siku moja au mbili hata kama umelifunga vizuri. Kifuniko kinachoweza kuzuia mafuta si lazima kiweze kuzuia heli kwa mamilioni ya miaka.

Bilioni 54 maana yake nini?

Tangazo la 2016 liliambatana na namba iliyozunguka dunia: futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja tu ya bonde. Ni karibu mita za ujazo bilioni 1.5. Wakati huo dunia nzima ilikuwa ikitumia futi bilioni 8 hivi kwa mwaka, kwa hiyo ni matumizi ya karibu miaka 7. Heli ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, ndiyo inayopoza sumaku za mashine za MRI hospitalini, na wasambazaji wake wakubwa ni wachache, Marekani, Qatar na Algeria wakiwa miongoni mwao. Watu wakaanza kugawana utajiri kabla ya kisima kuchorongwa.

Namba ya namna hii hupatikana kwa kuzidisha: eneo la mtego, mara unene wa mwamba hifadhi, mara kiasi cha vitundu, mara sehemu ya vitundu iliyojaa gesi, mara asilimia ya heli. Tuseme mambo matatu kati ya hayo yatakuja kuwa nusu ya ulivyodhani. Jibu halipungui kwa nusu, linabaki moja ya nane. Bilioni 54 zinakuwa chini ya bilioni 7, na hakuna aliyedanganya. Hii ndiyo tofauti kati ya rasilimali, yaani kinachokadiriwa kuwepo, na akiba, yaani kilichothibitishwa kuwa kinachimbika kwa faida. Namba ya 2016 ilikuwa ya kundi la kwanza.

Kinachoweza kuisogeza namba ni uchorongaji tu. Mwaka 2021 kisima cha Tai kilionyesha dalili za heli, lakini hakikutiririsha gesi juu. Mwanzoni mwa 2024 kisima cha Itumbula kilifika kwenye miamba ya msingi iliyopasuka, na safari hii gesi yenye heli asilimia 4.7 ikapanda mpaka juu, ikiambatana na maji ya moto. Heli hiyo basi haikukutwa ikisubiri kwenye mchanga mkavu chini ya kifuniko kama picha za vitabuni zinavyoonyesha. Inasafiri na maji. Kwa hiyo hesabu ya faida inabeba pia maji: yatapandishwa mangapi, yatatenganishwaje na gesi, na yatapelekwa wapi katika bonde ambalo watu wanalima, wanafuga na kuvua.

Ukikutana na kichwa cha habari

Siku nyingine ukisoma kwamba hazina kubwa imegunduliwa mahali fulani, uliza mambo matatu. Je, ni makadirio au kisima kimeshatiririsha? Mwamba chanzo, joto, usafiri, mtego na kifuniko, ni kipi kimethibitishwa na kipi bado ni dhana? Na kitu hicho kinatoka pamoja na nini?

Ukisoma pia kwamba kisima fulani ni kikavu, uliza kilikuwa kinatafuta nini. Michoro ya mitetemo ya ardhi iliyopigwa na Amoco miaka ya 1980 ilifanyiwa uchakataji upya na wanaotafuta heli, na iliwasaidia kuchagua pa kuchoronga. Wale wa 1987 waliondoka bila pipa hata moja la mafuta, lakini ramani ya chini ya ardhi ya Rukwa waliiacha, na bado inafanya kazi.