"Haikuwa riziki": nani kasema?

Kama umekulia nyumba kama yetu, hii unaijua. Watu wawili wanapendana, mambo yanavunjika, halafu wakubwa wanafunga mjadala: "Haikuwa riziki." Funika kombe mwanaharamu apite. Hakuna anayeuliza nani hasa alisema hapana.

Mimi nimeanza kuuliza baada ya kusoma Desertion, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2005. Yule Mzanzibari wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021, ndiye.

Kisa kinaanza 1899, mji mdogo wa pwani, si mbali na Mombasa. Hassanali, mwenye duka, anatoka alfajiri kwenda msikitini, anakutana na Mzungu aliye hoi, anamchukua mpaka nyumbani kwake. Mgeni huyo, Martin Pearce, anapendana na Rehana, dada yake Hassanali, ambaye mumewe alisafiri na hakurudi. Martin na Rehana wanaishi pamoja Mombasa kwa muda, kisha Martin naye anarudi kwao. Rehana anabaki na mtoto wa kike na maneno ya watu.

Sasa ruka mpaka Zanzibar, miaka michache kabla ya uhuru. Amin, mtoto wa walimu, anampenda Jamila, mwanamke aliyeachika, mkubwa kwake kwa umri. Kumbe Jamila ni mjukuu wa Rehana! Wazazi wa Amin wakijua, basi tena. Familia ile? Haiwezekani. Amin anaambiwa asimwone tena, na anatii.

Hapo nilikifunga kitabu kidogo. Ndugu yake, Rashid, yuko masomoni Uingereza Mapinduzi ya 1964 yanapotokea, anashindwa kurudi nyumbani. Huyo kweli dunia ilimzidi nguvu. Lakini Amin na Jamila wako mji mmoja, hawatenganishwi na bahari. Wanatenganishwa na "watu watasemaje", kwa kosa la bibi aliyependa zamani. Na wazazi wale si wabaya, wanampenda mtoto wao. Hilo ndilo linalouma.

Nilipokuwa na miaka 26 na mimi nilikuwa na mtu. Mama hakugomba. Aliuliza tu, "Kwao wapi?" Nikamjibu, akanyamaza, akaendelea kukunja nguo. Wiki ile ile nikaanza kutopokea simu za yule mtu. Miaka yote hii nikiulizwa nasema haikuwa riziki. Ukweli ni kwamba mama hakunikataza. Niliogopa ule ukimya, nikamwacha mtu bila hata kumpa sababu.

Kwenye kipindi kijacho tutaizungumza riwaya hii, na nitakisimulia na hicho kisa changu mpaka mwisho. Nawe tutumie sauti yako: kwenu ilisemwaje, na ulijibu nini?