Ua Lisilonuswa

Mwaka jana kazini kwetu tulikusanywa katika ukumbi wa hoteli moja ya Dar es Salaam tufundishwe kupunguza msongo wa mawazo. Mkufunzi alituambia tufumbe macho, tufuate pumzi, tuyaache mawazo yapite kama daladala za njia isiyo yetu. Mfano ule niliupenda, sikatai. Kilichonichoma ni alivyomalizia: kwamba hiyo ndiyo dini yote ya Mabudha, watu wa kukaa kimya wasijali lolote. Mwenzangu wa nyuma akanong'ona, "Kumbe wavivu tu," watu wakacheka.

Mimi si Mbudha. Lakini niliishi miaka mitatu Kandy, Sri Lanka, nikisoma, nimepanga chumba kwa mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Amma, yaani mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Uvivu huo sikuuona. Na macho ya kufumba niliyaona kwa nadra kuliko mnavyodhani.

Nilichokiona zaidi ni maua. Huko kila mwezi unapopevuka ni sikukuu ya taifa, wanaiita poya. Ofisi zinafungwa, pombe haiuzwi, nyama haiuzwi. Alfajiri ya siku hiyo Amma alikuwa ameshaoga, amevaa sari nyeupe isiyo na nakshi, yuko uani anachuma araliya, yale maua meupe yenye moyo wa manjano ambayo hata nyua za Dar zinayo. Poya yangu ya kwanza nilimshikia kikapu. Harufu ikanipanda, nikainamisha pua. Amma akaninyang'anya kikapu kama vile nimekitemea mate.

"Hapana, duwa," akasema. Duwa ni binti. "Ukishanusa, umeshakula wewe. Utampelekea nani makombo?"

Ua la kutolewa halinuswi. Hekaluni tulivua viatu, tukayaosha maua kwa maji, tukayapanga mezani mbele ya sanamu ya Buddha, moja moja, kwa mikono miwili. Wakati wa kuyapanga husomwa maneno ya Kipali, lugha ya maandiko yao, ambayo maana yake kila mtoto anaijua: ua hili litanyauka, na mwili wangu nao ni hivyo hivyo. Jioni maua yamekuwa ya kahawia, mhudumu anayafagia apishe mengine. Hakuna anayeyasikitikia. Uzuri ule umeuchuma mwenyewe, umeubeba, umejinyima hata harufu yake, kisha unauona ukizolewa kwa ufagio. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi kwa miaka sabini, halafu uje uniambie kama unahitaji mkufunzi wa kukufundisha kuachilia.

Baada ya maua wazee hubaki hekaluni kutwa kwa nadhiri nane, ikiwamo ya kutokula baada ya adhuhuri. Mtu wa pwani ataielewa haraka kama saumu iliyopinduliwa: unakula asubuhi, unafunga mchana, jioni unapata chai kavu. Hapo ndipo taamuli nayo inapoingia. Palikuwa na kinjia cha mchanga chini ya mti wa bodhi, ndugu wa mkuyu, hatua ishirini hivi. Bibi wa miaka themanini, peku, anainua mguu, anausogeza, anaukanyagisha. Anafika mwisho, anasimama, anageuka. Akili ikimtoroka kwenda kwa mjukuu au kwenye deni la duka, anairudisha kwenye unyayo. Kwa Kisinhala umakini huo unaitwa sihiya, neno ambalo pia ni kumbukumbu. Kwa hiyo mwenye kutaamali haachi tu mawazo yapite kama tulivyoambiwa hotelini. Anakumbuka: huu ni mguu, hii ni ardhi, mimi nipo.

Na hata hayo, niseme ukweli, kwa watu wa kawaida si ya kale sana. Taamuli ya kina ilikuwa zaidi kazi ya watawa wa misituni. Ni katika karne ya 20 walimu wa Burma kama Mahasi Sayadaw walipoieneza kwa akina mama na makarani, na Sri Lanka kituo cha Kanduboda kikafunguliwa mwaka 1956 kwa njia yake hiyo. Mama yake Amma, kwa maelezo ya Amma mwenyewe, alijua maua na sadaka, basi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn akaanzisha mafunzo yake ya taamuli katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wa maumivu yasiyoisha. Huyo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na waliokuja baadaye wakachukua pumzi, wakaacha wali.

 

Wali ndio huu. Kila mwaka, siku aliyofariki mumewe, Amma aliwalisha watawa. Anayejua hitima anajua pilikapilika zake: masufuria ya kuazima, majirani wanamenya, fenesi linachemka, kiribath, wali wa tui la nazi, imekatwa vipande kama kashata. Amma hakuonja hata chumvi. Cha kutolewa hakionjwi. Watawa waliooshwa miguu mlangoni wakakaa safu moja, akawapakulia mwenyewe, na mchuzi alioupenda marehemu akauzungusha mara mbili. Walipomaliza, likaletwa birika na kikombe juu ya sahani. Familia yote ikashika birika. Asiyefikia akashika kiwiko cha mwenzake, na mimi mgeni nikavutwa nishike. Maji yakamiminwa polepole watawa wakisoma, kikombe kikajaa, kikafurika sahanini. Thawabu imevuka kwenda kwa marehemu.

Amma alilia sana siku ile. Usiku nikamuuliza, kwa ujinga wa mwanafunzi, mbona analia na wamefundishwa kutong'ang'ania. Akaniangalia.

"Nimelia, nikajua nalia," akasema. "Sasa hesabu sahani, zile za maua ni za jirani."

Nilirudi Kandy kumtembelea baada ya miaka mingi, nikakuta siku yenyewe ya kumkumbuka mumewe. Chakula kilikuja kwa gari kutoka kwa wapishi wa kukodi, kimefungwa kwenye vijaluba vya karatasi ya fedha, kila mtawa na chake. Binti wa Amma anafanya kazi Colombo. Kukesha jikoni hawezi, na simlaumu. Simuni mwake ana programu inayomlia kila siku saa tatu usiku impumzishe akili. Amma, sasa mzee sana, alisimama na upawa wake mkononi akitafuta sufuria la kupakulia. Vijaluba vilipofunguliwa na mvuke kupanda, aligeuza uso pembeni asinuse.

Birika lilikuwa lile lile. Tulikuwa wanne tu, viwiko vyote vilifikia. Mkono wake ulitetemeka, maji yakapita kikombe, yakapita sahani, yakaenda mkekani hadi magotini pa watawa, na hakuna aliyenyanyuka kuyafuta.