Viungo vya Usukani Vilivyolika Katika Motokaa ya Zamani

Motokaa aina ya Toyota Corolla zilizotengenezwa katika miaka ya 1990 zingali zikionekana kwa wingi katika barabara za Kenya, na nyingi zimekwisha kupita mikononi mwa wenyewe wanne au watano. Injini zake ni hodari, na kwa sababu hiyo watu hudanganyika: injini ikilia vizuri, mwenye gari hudhani kwamba kila kitu ni kizima. Lakini mashimo na matuta ya njia zetu hula viungo vilivyo chini, kati ya usukani na magurudumu ya mbele. Injini ikiharibika, gari husimama. Kiungo cha usukani kikiachana, gari halisimami, bali huenda litakako.

Yafaa kwanza kuvijua viungo vyenyewe. Kila gurudumu la mbele limeshikwa chini na mkono wa chuma. Mwisho wa mkono huo pana boljointi, yaani tufe la chuma lililofungiwa katika kikombe chenye grisi na kufunikwa kwa mfuko wa raba. Tairodi ndiyo iupelekayo mwendo wa usukani hata kwenye gurudumu, nayo nchani ina tufe kama hilo, dogo zaidi. Upande wa pili, mkono wa chini hushikamana na gari kwa bushi mbili za raba. Mfuko wa raba ukipasuka, maji na mchanga huingia, grisi hutoka, na chuma huanza kusaga chuma.

Usukani hutetemeka, gari hugonga penye mashimo, na mipira hulika ukingo mmoja. Dalili hizo zafanana, basi usinunue spea kwa kubahatisha. Pandisha gari kwa jeki, kisha liweke juu ya stendi za chuma, magurudumu yaning'inie. Jeki peke yake haitoshi, wala mawe. Shika gurudumu kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, itazame tairodi. Kisha lishike juu na chini. Likicheza hivyo, mwambie mwenzio akanyage breki: mchezo ukikoma, aghalabu kosa li katika beringi, usipokoma, ichunguze boljointi.

Kuibadili ncha ya tairodi si kazi ngumu. Legeza kidogo nati ya kufungia, kisha toa pini ya kukunjwa na ile nati yenye meno. Ncha hushika sana katika tundu lake, na wengine hupiga skrubu kwa nyundo mpaka meno yake yaharibike. Yafaa kutumia chombo cha kung'olea, au kupiga ubavu wa tundu lenyewe, kwani mshtuko ndio uachanishao. Unapoizungusha ncha ya zamani kuitoa, hesabu mizunguko: ikiwa ni 17, mpya nayo iingie 17. Pini ya zamani isirudishwe kamwe. Ni kitu cha shilingi chache, nayo ndiyo izuiayo nati isifunguke njiani. Matundu ya pini yasipolingana, kaza nati zaidi kidogo mpaka yalingane, usiilegeze.

Boljointi ya gari hili imefungwa katika mkono wa chini kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo hubadilishwa peke yake. Wako mafundi watiao kipande cha raba, au wakichomeleao kikombe, ili mlio ukome. Mlio hukoma kweli, kwa siku chache. Lakini moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma, na tufe likichomoka gari likiwa mwendoni, gurudumu hulala na dereva hana tena la kufanya, hata awe stadi namna gani.

Katika bushi liko jambo ambalo hata mafundi wa siku nyingi hulisahau. Bolti zake zisikazwe kabisa gari likiwa juu, bali likiisha kushushwa na kusimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa juu, raba hujisokota gari linaposhuka, ikapasuka upesi. Mimi mwenyewe nilipata kumlaumu muuza spea kwa bushi zilizokwisha kabla ya wakati wake, kumbe kosa lilikuwa katika kukaza.

Shokomzoba hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Fundi asiye na chombo cha kubania springi asiiguse nati ya katikati iliyo juu, kwani springi ikifyatuka yaweza kumwua.

Kazi ikiisha, hapana budi magurudumu yapimwe kwa mashine. Ile hesabu ya mizunguko hulifikisha gari kwenye gereji yenye vipimo tu. Asiyepimisha ataona mipira mipya ikilika katika miezi michache, na gharama ya mipira miwili yapita ile ya tairodi, boljointi na bushi zote alizozinunua.