Makiato Mlangoni mwa Sinema

Anayeingia Cinema Roma mjini Asmara hupokewa na harufu ya kahawa kabla hajaifikia filamu. Ukumbi wa mbele ni mkahawa: kuna kaunta, mashine ya espreso inayofoka mvuke, meza ndogondogo, na mabango ya filamu za zamani ukutani. Katikati ya yote hayo imesimama projekta kuukuu ya chuma, iliyokwisha kustaafu kazi. Wapo wanaokuja kuangalia picha, na wapo wanaokunywa, wakapiga soga na kwenda zao bila kuuliza leo kunaonyeshwa nini.

Mikahawa yenye sura ya sinema za kale imeenea katika miji mingi duniani. Mara nyingi mwenye duka hununua mabango mnadani, akatundika magurudumu ya filamu na kupaka kuta rangi ya kufifia. Pale Roma uzee haukununuliwa. Jengo lilizeeka likiwa kazini, na projekta ile ni ya siku ambazo filamu ilikuwa utepe wa kushikika kwa mkono, ukipita mbele ya taa picha 24 kila sekunde.

Jengo lilijengwa mwaka 1937, likiitwa Excelsior, kwa ramani ya Roberto Cappellano. Miaka hiyo Asmara ilikuwa kama kiwanja kimoja kikubwa cha ujenzi. Italia ilikuwa imeivamia Ethiopia, na mji huu wa Eritrea, ulio juu ya uwanda wa zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, ndio uliokuwa ghala na kituo cha vita hivyo. Waitaliano walimiminika kwa maelfu, na wasanifu wao wakapata nafasi ya kujaribu mitindo ambayo huko kwao ingezua ubishi. Mwaka huohuo wa 1937 Mario Messina alijenga Cinema Impero, yenye taa 45 za mviringo zilizopangwa safu tatu usoni mwake. Jina Impero, yaani himaya, lilitangaza ushindi dhidi ya Ethiopia.

Wenyeji hawakualikwa kwenye sherehe hiyo. Sheria za ubaguzi za utawala wa Kifashisti ziliwatenga Waeritrea na Wazungu katika makazi, mabasi, mikahawa na sinema. Mikono iliyobeba mawe ya majumba hayo haikuruhusiwa kushika kikombe ndani yake. Hilo halifai kusahauliwa na yeyote anayeusifu uzuri wa Asmara.

Waingereza waliuteka mji mwaka 1941. Hata hivyo, sura ya Cinema Roma inayopigwa picha leo, yaani ule uso wa marumaru wenye milango minne mipana, ni ya mwaka 1944, kazi ya Bruno Sclafani. Italia ilikuwa imekwisha kushindwa, lakini fundi wake alikuwa bado anajenga.

Waeritrea walichofanya baadaye kinastahili heshima. Majina ya sinema, Roma, Impero, Odeon na Capitol, waliyaacha yalivyo, ila viti, kaunta na vikombe wakavifanya vyao. Kahawa nayo ikafuata njia hiyo. Nyumbani waliendelea na desturi yao wenyewe: buni hukaangwa mbele ya mgeni, hutwangwa, huchemshwa katika jebena, chombo cha udongo chenye shingo ndefu, na hunywewa kwa raundi tatu bila haraka. Mjini wakachukua espreso, ambayo maji ya moto husukumwa kwa nguvu kupita kwenye kahawa iliyosagwa laini, na kikombe huwa tayari chini ya dakika moja. Kinywaji cha mji ni makiato, jina la Kiitaliano lenye maana ya iliyotiwa doa: espreso yenye maziwa kidogo juu. Mtu mmoja anaweza kunywa ya jebena kwa mama yake na makiato sinema, siku hiyohiyo, asione mgongano wowote.

Vita vya Waeritrea vya kujikomboa kutoka Ethiopia vilidumu miaka 30, kuanzia 1961 hadi 1991, lakini wapiganaji waliingia Asmara bila mapigano ya mitaani. Ndiyo maana majengo yalisalimika. Mwaka 2017 UNESCO iliuandikisha mji huu katika Urithi wa Dunia, wa kwanza kwa Eritrea.

Hata hivyo, cheti hakinywi kahawa wala hakikati tiketi. Ukumbi wa sinema hufa pale watu wanapoacha kupita mlangoni, na televisheni imezifunga nyingi kwa njia hiyo. Roma imeongeza soka la Ulaya kwenye skrini yake, na mkahawa wa mbele unawapa watu sababu ya kuingia hata wakati ambao pazia halijafunguliwa. Uhai wa jengo hilo umeshikwa na kaunta kuliko na skrini.

Msomaji atakayejaliwa kufika Asmara asiishie kupiga picha ile marumaru kutoka ng'ambo ya barabara. Aingie ndani, aagize makiato, akae karibu na projekta.